Joto la Marehemu Kalisti

Siku ile mjinga alikuwa Patroba, na mpaka leo hakatai. Alikuwa ameketi kwa Avelina, huko ughaibuni Grand Prairie, sahani ya pilau pajani, marehemu Kalisti alipoingia saa kumi na moja na nusu kama kila jioni tangu azikwe. Akavua viatu mlangoni, akamwambia mkewe Avelina, "Kile cheti cha kifo ni chai," akakaa.

Hakuwa na neno jingine. Wiki ya tatu sasa, lile lile.

Patroba ni mtu wa Vihiga. Kwao chai ni ya kunywa, na asiyepewa hununa. Akaweka sahani chini. "Mmesikia? Chai! Na nani alikuwa anampikia?" Waombolezaji wote wakamgeukia Avelina. Kufika Jumapili hakuna aliyegusa birika lake, na wakwe wa Bukoba walishapiga simu: watoto warudishwe nyumbani, wasilelewe na muuaji.

Jumapili hiyo akaja Prudensia, nesi wa Garland, mwanamke wa Mwanza asiyeamini kitu mpaka akishike. Hakuuliza nani alichemsha nini. Alimwekea marehemu kipimajoto kwapani, akasubiri, akasoma.

"Digrii mia na nane za Fahrenheit. Kaka Patroba, ulishaona maiti wa wiki tatu ana homa?"

"Lakini si amesema chai?"

"Kwetu ukiambiwa hiyo ni chai, umeambiwa unadanganya. Cheti kimeandika moyo. Moyo haumchemshi mtu hivi."

Akapekua mifuko ya fulana ya kazi ya Kalisti, akatoa karatasi ya zamu: kontena namba kumi na nne, Agosti, saa nane mchana. Akapiga simu Bukoba, akaongea dakika sita. Watoto wakabaki.

"Shemeji, nisamehe," Patroba alisema.

"Kunywa kwanza," Avelina akamjibu, akammiminia. Akanywa vikombe vitatu, watu wote wakimtazama.

Kesho yake walikwenda kwenye ghala alikofanyia kazi Kalisti. Patroba aliendesha, marehemu nyuma, kiyoyozi mpaka mwisho, na bado kiti kilinuka kuungua. Mwenda, msimamizi, alimpungia Kalisti mkono kama kawaida. Hakubisha sana. Ndiyo, feni iliharibika Juni. Ndiyo, alimfungia ndani amalize mzigo. Lakini kwenye cheti imeandikwa heart, moyo, na itabaki heart. Mle ndani ya namba kumi na nne walikuwa wengine wawili wakipakua, mlango umefungwa.

Prudensia alikuwa anasoma ratiba ukutani, miwani puani, bila haraka. Patroba alimtazama kwa fahari, utadhani amemzaa yeye.

"Sister," Mwenda alisema, "huyu ni marehemu. Marehemu hana haki ya kulalamika joto."

"Kama ni marehemu," Prudensia alisema, "mbona umempanga zamu ya leo?"