Josho la Baada ya Alasiri

Shufaa alikuwa uani akipepeta mchele wa Ubaruku, kavaa sweta juu ya dera, aliposikia hodi. Akajibu karibu bila kuinua kichwa, akidhani ni jirani kafuata kaa la moto. Aliyeingia alikuwa Amna, muuza vitenge wa sokoni, aliyezikwa mwaka ule wa maradhi ya kifua. Kwapani alikuwa amekunja mfuko mweupe wa zipu, ule aliozikwa ndani yake.

"Dada Shufaa, nimekuja unioshe," alisema. "Lakini kwa nafasi yako. Malizia mchele kwanza."

Shufaa akaweka ungo chini, akabandika maji, maana mji ule una baridi na hata maiti hapendi maji ya baridi. Kuosha wanawake waliofariki ndiyo kazi yake mtaani, aliyoachiwa na mama yake, Bibie. Mwaka ule wa maradhi hakuosha mtu. Watu wa jiji walikuja na gari, wamejifunika nguo nyeupe mpaka usoni, wakachukua maiti na kuzika wenyewe, ndugu wakitazama kwa mbali. Bibie naye aliondoka hivyo hivyo. Mwosha aliyeosha mtaa mzima alizikwa bila tone la maji, binti yake amesimama ng'ambo ya barabara na sanda mkononi. Tangu hapo Shufaa aliishi na aibu, ingawa hakuna aliyemlaumu.

Alimwosha Amna kama inavyotakiwa, akaanzia kulia, akamtia kafuri, akamvika sanda. Amna akashukuru sana, akaacha ule mfuko kwa kuwa ni mali ya serikali, akarudi makaburini kwa miguu.

Habari hazikai chini ya ardhi. Siku zilizofuata wakaanza kuja wengine, kila baada ya alasiri, wanaume wakienda msikitini kwa Shamsudin, mwosha wanaume, na wanawake kwa Shufaa. Hata Wakristo walikuja. Devota, Mlutheri wa Iringa aliyeugulia mjini alikoleta nyanya, alikaa kwenye kigoda akasema, "Mama, sisi mambo ya kulia na kushoto hatuna. We sugua tu. Ila ukimaliza, nivalishe sare yangu ya kwaya." Bibi Alinanuswe, Mnyakyusa, alisema "ndaga fijo" kila kata ya maji ilipomwagwa, mpaka Shufaa akamwambia, "Bibi, asante zimetosha, utachoka."

Shufaa alikuwa akifanya kazi na jicho lake liko mlangoni. Bibie hakuja. Sanda yake ilikuwa tayari kitandani, imepigwa udi. Labda kanikasirikia, Shufaa aliwaza, kwamba nilisimama tu ng'ambo ya barabara.

Siku moja akaja Silvester, bwana afya wa kata, kijana mwenye adabu. Akampa Shufaa shikamoo, kisha foleni nzima.

"Mama, taarifa ya hawa siwezi kuipeleka juu," alisema. "Kwa jiji, hakuna aliyekufa kwa ugonjwa ule. Kuna nimonia, presha, uzee. Ugonjwa wenyewe haukufika hapa."

"Sasa mifuko hii yenu niipeleke wapi?"

Silvester akaitazama mifuko, imepangwa vizuri ukutani. Akafikiri. "Nitawaletea bomba la maji," alisema.

Na kweli akaleta bomba, na sabuni ya kutosha, na ndoo ya kunawia. Akaomba tu maiti wakae mita moja mbali, mmoja na mwenzake. Wakakaa. Shufaa alimwombea dua kijana yule kila baada ya sala, kwani bila bomba lile mgongo wake ungekwisha.

Foleni ikapungua, ikaisha. Shufaa alikuwa akikunja mkeka siku ambayo jiji lilisherehekea kupona, vipaza sauti vikivuma kutoka uwanjani, ndipo Bibie alipoingia bila hodi, akaenda moja kwa moja jikoni kuangalia kama maji yamechemka.

"Mama, nilidhani huji tena."

"Ningetanguliaje mbele ya wageni? Hapa si kwangu?" Bibie akajilaza mwenyewe kwenye ubao wa kuoshea. "Walikuwa wengi mno, mwanangu. Huko tuliko hata mimi sikujua tuko wengi hivyo."

Shufaa akaanzia kulia. Uwanjani kiongozi wa jiji alikuwa akimshukuru Mungu kwamba mji ulivuka salama bila kupoteza hata mtu mmoja, na watu wakapiga makofi.

"Anasemaje?" Bibie aliuliza. Masikio yake yalikuwa mazito tangu enzi za uhai wake.

"Anashukuru, mama."

"Vizuri. Na sisi tushukuru. Mwagia na huku mgongoni."

Shufaa akamwagia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na alilia kwa furaha bila kujificha, akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, huku uwanjani wakipiga makofi tena.