Shanga ya Buluu kwenye Mlozi

Mwambie Nedialka lolote, ila usimwambie kuwa martenitsa, uzi wa bahati wa machipuko, haina nguvu. Machipuko ya mwaka jana, alipomwona korongo wa kwanza, alifungua uzi wake mwekundu na mweupe, wenye shanga ya buluu, kutoka mkononi, akaufunga kwenye mlozi wa kando ya ziwa na kuomba mjukuu. Bintiye Zornitsa alikuwa amekwisha kukata tamaa, mimba zilikuwa zinaharibika tu. Kabla ya Krismasi Boyan akazaliwa. Sasa nani wa kubishana naye?

Leo alikuwa akiongoza tena matembezi ya kutazama ndege, na kila mtu alikuja na uzi wake mkononi. Ombi la Nedialka lilikuwa moja: kifua cha Boyan kipone. Mtoto, aliyelala mgongoni kwa mama yake, alikuwa hajaacha kukohoa tangu baridi ilipoingia.

"Wewe Nedialka, bata hawa huwaoni?" akamtania jirani yake, mzee Velko. "Au siku hizi ndege ni korongo tu?"

"Bata utamla Jumapili. Tembea."

Walipoyapita matete, mtu akasema, "Yule pale." Kwenye kiota juu ya nguzo ya umeme, mbawa nyeupe zilikuwa zikipigapiga. Watu wakafurahi kama watoto, wakaukimbilia mlozi uliochanua huku wakifungua nyuzi zao. Velko akawa wa kwanza kufunga.

Nedialka aliinua darubini amwone vizuri kabla ya kuomba. Korongo hakuwa amesimama. Alikuwa ananing'inia kichwa chini, mguu umenaswa kwenye uzi uliotoka kiotani, mwekundu na mweupe, umefubaa kwa mvua. Penye fundo palikuwa na shanga ya buluu.

Nedialka akaishusha darubini, akaiinua tena. Shanga ilikuwa palepale, na mbawa zilikuwa zimetulia.

Zornitsa akampokea darubini, akatazama kwa muda mrefu.

"Mama, ile shanga si uliitoa kwenye mkufu wangu wa utotoni?"

Nedialka akageuka kuutazama mlozi.

"Korongo huwa wanaokota nyuzi za mitini kutandikia kiota," Velko akasema polepole, akipapasa simu awaite zimamoto, ingawa aliona kabisa kuwa wamechelewa.

Mlozi mzima ulikuwa umejaa nyuzi za miaka yote, na ni Nedialka aliyewafundisha kufunga hapa. Boyan akakohoa. Bibi yake akautazama uzi wa mwaka huu mkononi mwake. Hata sasa, jamani, vidole vilikuwa vinataka kuufunga.

Akautia mfukoni, akatoa kisu chake cha kukatia uyoga.

"Velko, fungua wako."

"Nimeshaomba, Nedialka."

"Hata mimi niliomba. Nikapewa. Fungua."

Velko akafungua. Nedialka akaanza kukata zilizobaki, tawi baada ya tawi, maombi ya huyu na ya yule, machozi yakimtiririka, na nyuma yake mtoto anakohoa.