Imeiva au Mbichi

Debe alifunga karakana saa nane kasoro robo mchana, tena Jumamosi, siku ambayo fundi makochi mwenye akili hafungi. Mteja aliyekuja kuulizia kiti chake aliambiwa arudi Jumatatu, akaondoka amenuna. Na anune. Saa nane Kasuku angepiga simu, na Kasuku siku hizi hapigi ila bendi waliyoipenda tangu shuleni ikitoa albamu.

Majina hayo waliyapata shuleni. Mmoja alipiga ngoma juu ya debe la taka, mwalimu akamwambia debe tupu haliachi kuvuma, naye akaona amesifiwa. Mwingine alikariri kila mstari wa ile bendi iliyokuwa ikifoka juu ya magitaa mpaka spika zikakwaruza. Walikuwa chanda na pete. Sasa wanakaribia arobaini. Kasuku ni muuguzi mji mwingine, ana mke na mapacha. Debe ana cherehani, nyundo na chumba cha nyuma. Mara ya mwisho kuongea ilikuwa albamu iliyopita, miaka minne sasa. Debe aliogopa, tena sana, kwamba bendi ikifa hatabaki mtu wa kumwita Debe.

Sheria ilikuwa ileile ya shuleni. Wanaanza kusikiliza pamoja, hakuna kusema kitu mpaka mwisho, kisha kila mtu neno moja: imeiva, au mbichi. Debe hutangulia, kwa sababu zamani alikuwa bendera fuata upepo, akisikia neno la Kasuku analibadili lake. Ndipo Kasuku akatunga sheria: Debe kwanza, na neno likitoka halirudi.

Simu iliita.

"Upo?"

"Nipo. Wanao?"

"Wako kwa bibi yao. Haya, moja, mbili, bonyeza." Akakata.

Debe alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, akangoja mwili usisimke. Haukusisimka. Magitaa yaleyale, na juu yake mwanamume wa miaka hamsini na ushee anafoka kwamba mwalimu mkuu hamwezi. Jamani, mwalimu mkuu gani tena? Si ameshastaafu huyo, kama hajazikwa. Wimbo wa nne Debe alijikuta anakagua mshono wa kiti cha mteja. Wa saba akashika nyundo, akairudisha, akaona aibu. Ilikuwa kama kujaribu shati la zamani, vifungo vikagoma. Bendi ilikuwa imesimama palepale. Yeye ndiye aliyeondoka bila kuaga, na hilo lilimuuma.

Simu iliita tena. "Haya, Debe."

Neno lilikuwa ulimini: mbichi. Kisha akawaza, nikisema mbichi, huyu atanipigia tena kwa lipi?

"Imeiva," akasema.

"Kweli?"

"Imeiva kabisa."

"Sawa," Kasuku alisema polepole. "Mimi nimeona mbichi. Niliizima kwenye wimbo wa tano, nikaenda kukaa kwenye ngazi. Nikaomba na wewe uione mbichi, ndugu yangu, tuseme tumekua pamoja. Nina mengi moyoni. Nilisema tukishamalizana na hawa jamaa, tutaongea kama watu wazima."

"Kasuku, ngoja. Hata mimi..."

"Aa-aa." Alicheka kwa upole, kama anavyowachekea wagonjwa wake. "Usianze kufuata upepo. Kama unaipenda, ipende, si kosa."

"Sikusema kweli."

"Debe wewe, hujabadilika." Mkewe alimwita huko nyuma. "Haya, furahi nayo. Tutaongea."

"Lini?"

Simu ilikuwa imeshakatwa. Debe alipiga, ikaita mpaka ikachoka. Albamu ikaanza tena yenyewe, wimbo wa kwanza, mwalimu mkuu yuleyule.

"Mbichi," Debe akasema kwa sauti, ndani ya karakana iliyofungwa.