Masomo Yasiyo na Mahubiri

Malimi, fundi redio wa Mkolani, Mwanza, hakuwa mtu wa kuchukia dini. Alichochukia ni ugomvi, na nyumbani kwake dini na ugomvi viliingilia mlango mmoja. Mkewe Jovitha, muuguzi, alikuwa Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki wa kuzaliwa. Mayala, mdogo wake Malimi, alikuwa ameokoka katika kanisa jipya la turubai, na tangu aokoke hakujua tena kunong'ona.

Siku Yeremia, mtoto wa kwanza, alipopata kipaimara, mjomba wa Jovitha alileta mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi ya kwao. Mayala akainuka mbele ya wageni, akamkemea pepo aliyemo ndani ya mtungi. Mjomba, ambaye masikio yake yalikuwa yamezeeka kabla yake, alidhani kinywaji kinabarikiwa. Akaitikia "Amina!" kwa furaha, akamjazia Mayala kikombe cha kwanza. Yaliyofuata yaliwachosha wazee wa pande zote mbili, na mtungi haukupona. Tangu siku ile Malimi alipiga marufuku: chini ya bati lake, hakuna kumhubiria mwenzako.

Basi mwaka tisini na nne yakamkuta mengine. Yeremia alianguka mtihani wa kidato cha pili, akarudi nyumbani na godoro lake. Selina, mdogo wake, alifaulu darasa la saba vizuri tu, ila waliofaulu walikuwa wengi na nafasi za sekondari chache, jina lake halikutoka. Shule za watu binafsi zilikuwa zinachipuka mjini kama uyoga, lakini nyingine bango lake lilikuwa imara kuliko ukuta. Malimi akaulizia, akaambiwa kwamba mtu anaweza kusomea nyumbani, kisha akafanya mtihani wa taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea.

"Watasomea hapa hapa," alimwambia mkewe. "Ila masomo yenyewe yawe ya dunia tupu. Fizikia iwe fizikia. Sitaki kitabu kitakachotugombanisha."

"Na nani atayachagua?"

"Mimi."

Jovitha alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayejiandikia dawa mwenyewe.

Habari hazikai Mkolani. Kesho yake Mayala alifika na boksi kichwani. "Bwana asifiwe, kaka! Vimetoka ng'ambo, vya bure, kozi nzima mpaka kidato cha nne." Vilikuwa vitabu vizuri, vya rangi, jalada lina simba amelala na kondoo. Malimi akafungua cha hesabu, akakuta swali linataka uzito wa majani waliyokula tembo wawili katika safina muda wote wa gharika. Akataka kukifunga, lakini Selina alikuwa ameshachukua kalamu. Alikokotoa tembo, akaongeza twiga, akaongeza nyati, akageuza karatasi.

"Baba mdogo," alisema kwa adabu, "kwa hesabu hii safina ingezama kabla mvua haijaanza."

Mayala akamgeukia kaka yake. "Umeona? Umeona unavyomlea?" Akajitwika boksi lake, akaondoka bila kunywa chai. Jovitha, aliyekuwa amefunga vitabu vya masista katika kanga tayari kuvitoa, akavirudisha kabatini kimya kimya.

Wa pili alikuwa Mwalimu Nkwabi, mkuu wa shule mstaafu kutoka Buswelu, mzee wa baiskeli na suti ya Kaunda. Yeye alisema wazi kwamba katika masomo yake Mungu hatajwi hata kwa bahati mbaya. Malimi alifurahi mpaka akamtengenezea redio yake bure. Darasa likaanza sebuleni, Malimi amekaa nyuma akisikiliza.

Mwalimu alianza na wenzo. Akachora gogo, jiwe na mtu. "Mtu mmoja akiliinua jiwe hili, je, ni nini?"

"Ni kani, mwalimu," akajibu Yeremia.

"Ni ubinafsi! Wakiliinua wote?"

Watoto wakatazamana.

"Ni ujamaa!" Kutoka hapo duara likawa mfano wa kijiji, kwa kuwa kila mtu yuko sawa na katikati, nyuki wakawa wakulima wa bega kwa bega, na asidi, inayokula kila kinachoigusa, ikawa bepari. Saa ya kufunga watoto walikuwa wamesimama, ngumi juu, wanaitikia. Mwalimu alikuwa na machozi. Dunia ilikuwa imebadilika, viwanda vinauzwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amemwitikia.

Alipokwisha panda baiskeli yake, Jovitha akatoka jikoni. "Baba Yeremia, huyu naye amehubiri. Tofauti ni kwamba hapitishi sadaka."

Malimi hakukata tamaa. Sokoni, katikati ya mitumba, alikuta seti ya vitabu vya sayansi kutoka Ulaya. Alivipekua vyote akiwa amesimama juani. Hakuna Mungu, hakuna chama. Akavinunua na kurudi anapiga mluzi.

Jaribio la kwanza lilisema: "Toka nje, jaza theluji katika glasi."

Wakatoka nje. Jua la Mwanza lilikuwa linachemsha mabati. Yeremia, ambaye kitabuni alikuwa mzito lakini kwa kutafuta vitu hana mwenzake, akachukua ndoo, akateremka mpaka kiwanda cha samaki kule ziwani. Akarudi na barafu iliyolaliwa na sangara, na nyuma yake paka wa mtaa mzima. Selina akaipima kwa kipimajoto cha homa cha mama yake. Zebaki haikutikisika.

"Kifaa kibovu," akasema Malimi.

"Kifaa kizima," akasema Jovitha akikinyang'anya. "Barafu haiugui malaria!"

Majirani walipoona barafu walileta soda zao zipoe, paka wakaingia sebuleni, na sayansi ya siku hiyo ikaishia hapo.

Ndipo Malimi alipokwenda duka la vitabu akanunua mihtasari ya wizara, vijitabu vyembamba vyenye vichwa vya mada tu, bila maneno ya mtu. Akavaa shati safi, akasimama mbele ya wanawe. "Leo nafundisha mwenyewe. Umeme. Na hapa hakuna mahubiri."

Alianza vizuri. Alieleza mkondo, akaeleza ukinzani, akafungua redio wakaona. Kutoka kwenye ukinzani akakumbuka jinsi alivyojifunza ufundi kwa kujificha, kwa kuwa baba yake alitaka achunge ng'ombe. Kutoka kwa ng'ombe akaingia kwa vijana wa siku hizi, wanaotaka mteremko. Mkono ukapanda, sauti ikapanda. Alipokuwa anapiga meza kwa ajili ya uvumilivu, Selina akanyoosha kidole.

"Baba, samahani. Umeme tuliuacha wapi?"

Mlangoni ikasikika sauti ya Jovitha, pole na ndefu, kama ya kanisani: "Aaamina."

Yeremia alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi. Malimi alitaka kukasirika, akajaribu kweli, ila uso ulimsaliti. Akaketi, akacheka mpaka akafuta macho kwa ule mhtasari wa wizara.

"Sasa tufanyeje?" akauliza.

Selina ndiye aliyepata njia. Waitwe wote, kila mmoja afundishe analolijua, naye akae na filimbi ya refa. Anayetoka nje ya somo anapulizwa. Mwalimu Nkwabi akachukua jiografia, Mayala, aliyekuwa karani wa mizani kule kiwandani, akachukua hesabu, Jovitha biolojia, Malimi fizikia. Wiki za kwanza filimbi ilisikika mpaka barabara kuu, na wapita njia walidhani pale kuna timu. Mwalimu alipulizwa katikati ya neno "mkoloni", akalalamika kwamba hilo ni jiografia, na Selina alipofikiri vizuri akamkubalia. Mayala alikaa siku nyingi bila kupulizwa, na wa kwanza kushangaa alikuwa yeye mwenyewe.

Haikuwa rahisi. Yeremia alifanya mtihani mara mbili, mara zote hesabu zikamwangusha; akaenda kuwa fundi wa mitambo ya barafu, na mpaka leo hajutii. Selina alipita mtihani wa maarifa, ule wa kumruhusu mtahiniwa wa kujitegemea kufanya wa kidato cha nne, akapita na huo wenyewe, na akapangiwa kidato cha tano Tabora.

Stesheni ya reli walikwenda wote. Jovitha alikuwa anakagua kufuli la sanduku, Mayala na Mwalimu Nkwabi wakibishana nani alilibeba. Treni ilipopiga honi, Malimi alimshika binti yake bega. Alikuwa na maneno mengi, alikuwa ameyapanga tangu juzi: juu ya bidii, juu ya wavulana, juu ya jina la ukoo. Akayaacha yote.

"Ule vizuri, mama," akasema.

"Ndiyo, baba."

Selina akapanda, naye akampandishia sanduku dirishani, akarudi nyuma kusimama na wenzake, na treni ikaanza kuondoka.