Jani la Isale la Kornelia

Kornelia alikuwa na ulimi mkali, na kijiji kizima cha Kilema kilijua. Kwa hiyo mwaka ule wa 1951, taya za mjukuu wake Melkior zilipovimba, mtoto wa wiki saba tu, ana homa na analia kila akiguswa, bibi hakumung'unya maneno. Alisema mbele ya wanawake waliokuja kumtazama mkaza mwanawe aliyejifungua, "Salvina kamwangusha mtoto, kisha kanyamaza."

Salvina aliapa hakumwangusha. Nani amsikilize? Mumewe Basili, aliyemwamini mama yake kuliko katekista, alitamka kwamba Jumamosi angemrudisha mkewe kwao. Mtoto angebaki kwa bibi, anyweshwe maziwa ya ng'ombe.

Jumamosi asubuhi Kornelia alimpakata mjukuu ampake siagi. Vidole vilipofika tayani vikasita. Uvimbe ulikuwa mgumu, umeng'ang'ania mfupa, na ngozi juu yake haina hata mchubuko. Aliujua uvimbe ule. Miaka ishirini na sita nyuma aliupapasa kwenye taya za Basili mwenyewe, naye akiwa mchanga vilevile.

Wakati huo mama mkwe wake alimwambia kamwangusha mtoto. Kornelia hakukumbuka kumwangusha, lakini aliambiwa kutwa kucha mpaka akakubali. Akakata jani la isale, akaenda nalo kwa mkwewe kuomba msamaha, maana kwa mila yao aliyeshika isale hafukuzwi. Uvimbe uliisha wenyewe kabla Basili hajasimama dede. Hatia ndiyo haikuisha. Kila Pasaka aliiungama upya, hadi padri akamchoka.

"Kumbe sikumwangusha!" alisema kwa sauti. Akacheka, kisha akalia, kisha akamkasirikia marehemu mkwewe, na zaidi akajikasirikia mwenyewe.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyekumbuka, na kusema ni kukiri kwamba maradhi yale yamo katika damu ya mji wao, si ya Salvina. Alimlaza mtoto, akaenda mpakani mwa kihamba, shamba lao la migomba, palipopandwa isale, akakata jani moja.

Basili alikuwa mlangoni akifunga mzigo wa mkewe. "Mama, hilo unampelekea nani?"

"Mkeo. Taya za mwanao ni zako. Ulivimba hivyohivyo, ukapona, wala hakuna aliyekuangusha."

Ndani, Salvina aliinuka kitandani. "Shikamoo, mama."

Kornelia alipiga magoti mbele ya mkaza mwanawe, akamnyooshea jani kwa mikono miwili. "Hukumwangusha, mwanangu. Nisamehe. Hata mimi sikumwangusha wangu, na nilibebeshwa hatia hivihivi."

Salvina alilipokea jani.

"Na wewe, mama," aliuliza taratibu, "nani alikuletea lako?"

Mlangoni, Basili alianza kuufungua mzigo.