Kuku wa Mwaitu Mbula
...na sasa mgeni aliyekuja kutuhubiria kwa Kiingereza amenyamaza, anangoja nitafsiri, nami sina neno, mimi Kavata niliyemwambia Pasta Kivuva kwa kinywa changu, Kiingereza nakijua, nipe tu hiyo kazi... maana Mwaitu Mbula, mama yetu sote hapa kanisani, ameinuka kwenye benchi la mbele na anakuja na kuku, kuku wa kumchemshia supu binti yake Nthenya aliyejifungua juzi, atoke hapa kanisani apitie huko, na kwa njaa hii ya Kathonzweni ni nani mwingine aliyebaki na kuku... ni mimi nimemwinua, mgeni alikuwa akieleza ibada ya zamani huko Ulaya, kabla ya siku za Luther, padri anawapa watu mgongo, anasoma Kilatini, watu wamepiga magoti hawaelewi kitu, hapo nilitafsiri vizuri, wakacheka, kichwa kikanivimba, halafu akaja na maneno marefu, sadaka, meza, sijui nini, sikuyashika, kanisa lote linanitazama, nikapaza sauti kwa Kikamba, "Luther alisema mtu asije mbele za Mungu mikono mitupu!" wakaitika Amina, na ile Amina, Mungu nisamehe, ilikuwa tamu... kumbe sasa mgeni ananyoosha viganja vyake viwili, vitupu, anasema tena lile neno lililonipita, kupokea, ndipo yananiingia yote, kwamba sadaka ilitolewa mara moja tu, msalabani, na wale watu wa Matengenezo ya Kanisa, Luther na wenzake, waliwaambia Wakristo waje mezani kupokea, mikono mitupu, hivyo hivyo... nimeyageuza juu chini, afadhali hata hicho Kilatini, hakikumnyang'anya mzazi supu... "Bwana asifiwe, mwaitu!" anasema Pasta, mkono tayari kumpokea kuku, na Mwaitu Mbula ananiangalia mimi, si yeye, anasema polepole, "Sikujua, Kavata. Miaka yote hii nimekuwa nikija tu kukaa," uso wangu unawaka, natamani ardhi inimeze, nikinyamaza hakuna atakayejua, mgeni hajui Kikamba, Pasta hajui Kiingereza, ni mimi tu na Mungu katikati... "Mwaitu," nasikia sauti yangu, nyembamba kama ya mtoto, "rudi na kuku wako, mgeni hakusema hivyo, ni mimi sikuelewa," mtu anakohoa, Pasta ameganda na mkono wake, Mwaitu Mbula anamkumbatia kuku kifuani, haondoki, na mgeni bado anatabasamu, anangoja, nami namgeukia mbele ya wote, kwa Kiingereza kidogo nilicho nacho, namwomba arudie, polepole.