Ripoti za Bibi Mwaija

Sifa zilimpanda Jabiri kichwani. Justa, mwenye kampuni, alishasema mbele ya ofisi nzima kwamba hapa Korogwe hakuna kijana anayemaliza ripoti za wateja upesi kama yeye, na tangu siku hiyo Jabiri akawa hasomi, anamaliza tu.

Kazi yao ni kutengeneza tovuti za shule, makanisa na vyama, kisha kumkabidhi mteja aiendeshe mwenyewe, abadilishe habari na picha apendavyo. Pembeni mwa kila ukurasa kuna kitufe cha kuripoti hitilafu. Mteja akiandika hapo, ripoti inatokea kwenye kompyuta ya Jabiri ikionyesha maneno ya mwanzo tu. Anayetaka mengine sharti aifungue. Jabiri hakuona haja. Wateja wengi huanza na shida yenyewe: picha haionekani, namba ya simu si yetu.

Bibi Mwaija wa Sindeni hakulelewa hivyo. Yeye alijifunza kuandika enzi za barua, salamu kwanza, shida baadaye. Kila ripoti yake ilianza: “Assalaam aleikum. Natumaini nyote huko Korogwe hamjambo. Sisi huku hatujambo, mvua zimeanza na mahindi yameota vizuri.” Jabiri aliishia hapo, akacheka, akajibu, “Tunashukuru, nasi hatujambo,” akaifunga. Ilipokuja ya pili alimwonyesha Ikram wa meza ya jirani, akasema kuna bibi amegeuza mtambo wao kijiwe. Ya tatu aliifunga huku anakula chapati.

Kisha akapiga simu Mzee Semboja, mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha Sindeni. Jabiri alitoa shikamoo, haikuitikiwa. Mzee akikunyima marahaba, ujue una kesi.

“Huyu mama mnataka tumzike lini?” aliuliza Mzee Semboja.

“Mama yupi, mzee?”

“Mwaija. Kila siku anawaandikia, na nyie mnamjibu hamjambo.”

Jabiri akazifungua zile ripoti, safari hii mpaka mwisho. Ya kwanza, baada ya mahindi, ilisema: “Dhumuni la ujumbe huu ni kuwajulisha kuwa picha yangu imewekwa kwenye ukurasa wa wanachama waliofariki. Naomba muiondoe.” Ya pili ilisema watu wa mbali wanapiga simu wanalia, na mpwa wake wa Moshi ameshapanda basi, amefika na khanga za msiba. Ya tatu ilikuwa fupi kidogo kwenye salamu.

“Mwanangu Mustafa wa Dar es Salaam ameandika chini ya picha. Amesema, Innalillahi, mama umetangulia, kazi zimenibana, nitafika Mungu akijalia. Hajapiga simu. Naomba mfute maneno yake kabla majirani hawajayasoma. Samahani kwa usumbufu.”

Chini yake palikuwa na jibu la Jabiri: Tunashukuru, nasi hatujambo.

Masikio yalimwaka moto. Ni yeye aliyehamisha picha za wanachama kwenye tovuti mpya, ambayo chama kilikuwa bado hakijakabidhiwa, na ni yeye aliyetia alama ya marehemu pasipostahili. Alifuta vyote, picha na maneno, lakini alikuwa kama anayefunga zizi ng'ombe wakiwa wameshaingia shambani. Sindeni yote ilikuwa imeshasoma. Aliona aibu kumtazama Ikram, na Ikram, aliyecheka naye, aliona aibu vilevile.

Kesho yake akachukua pikipiki ya ofisi kwenda Sindeni, siku ya mkutano wa chama. Alimkuta Bibi Mwaija nyumbani kwake akijiandaa, amejifunga khanga safi. Bibi alimsalimia yeye, wazazi wake, ofisi yake na safari yake, na Jabiri aliitikia kila moja huku ameinamisha kichwa. Angefurahi zaidi kama angetukanwa.

“Nimekuja kuomba radhi, bibi. Kosa ni langu, na mkutanoni nitalisema.”

“Nimekusamehe, mwanangu.” Bibi akalikunja pindo la khanga. “Ila huko mkutanoni, yale maneno ya Mustafa nayo uyaite kosa la mtambo. Useme yalijiandika.”

Maneno hayajiandiki. Jabiri alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale Sindeni, na bibi naye alilijua. Lakini angemkatalia kwa uso gani?

Mkutanoni alisimama mbele ya wanachama, mikono nyuma. Akasema picha ile aliiweka yeye vibaya. Akasema alipelekewa taarifa na hakuzisoma. Kisha akasema na ule ujumbe wa rambirambi ulitoka kwenye mtambo, si kwa Mustafa. Mustafa wa watu hajui lolote.

Mkutano ulipumua. Mama Efrazia, mweka hazina, alisema yeye alishasema tangu mwanzo, Mustafa hana roho hiyo. Wengine wakacheka, wakamtania Bibi Mwaija kwamba amefufuka bila kuliwa pilau lake. Bibi naye akacheka, na uso wake ukang'aa hata Jabiri akaona uongo wake umefaa.

“Basi kama hajui, tumpigie,” alisema Mzee Semboja kwa furaha, ameshatoa simu. “Nitaweka sauti kubwa, tumsikie atakavyoshangaa.”

Alikuwa ameshalipata jina la Mustafa, Bibi Mwaija alipoinuka na kuufunika mkono wa mzee pamoja na simu.

“Mwache,” alisema. “Yuko kazini.”

Ilikuwa Jumapili. Mzee Semboja akairudisha simu mfukoni taratibu. Hakuna aliyethubutu kumtazama Bibi Mwaija; wote walimgeukia Jabiri, aliyekuwa bado amesimama mbele yao, maana kumtazama yeye kulikuwa rahisi zaidi.